Mtakatifu Camillo de Lellis na mzee Giovanni, baba yake



Tarehe 14 Julai Mama Kanisa anamkumbuka Mtakatifu Camillo de Lellis, padre, mwanzilishi wa Shirika la Watumishi wa Wagonjwa, msimamizi wa wagonjwa, wauguzi na hospitali. Wengi wetu tunaijua habari yake kwa ufupi: askari kijana aliyecheza kamari hadi akapoteza shati alilovaa, kisha akaongoka, kisha akawa mtakatifu. Safari hii tumependa kuanza nyuma kidogo, kwa mtu ambaye masimulizi humpa mistari miwili mitatu tu na kumwacha. Huyo ni baba yake, Giovanni, mzee aliyezeeka na karata mkononi.

Tunayo sababu. Kamari inapotajwa katika mahubiri yetu, macho yote huwageukia vijana wa viti vya nyuma, wale wa mikeka ya mpira. Ni kweli wana shida yao. Lakini mapadre wetu wa parokiani na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wanawajua pia watu wa aina nyingine. Yupo mstaafu aliyepokea kiinua mgongo chake, na mwaka haujaisha haonekani bati wala tofali. Yupo bibi mjane anayecheza bahati nasibu kwa simu usiku wajukuu wakiwa wamelala. Yupo mzee wa kanisa anayekwenda kwenye mashine za mtaa wa tatu ili asionwe na watu wa mtaa wake. Hao hatuwasemi. Tunawaheshimu, na heshima hiyo inatufunga midomo. Nao wanaona haya, na haya inawafunga wao. Ndiyo maana tumemkumbuka Giovanni.

Camillo alizaliwa tarehe 25 Mei 1550, mwaka wa Jubilei, katika mji mdogo wa Bucchianico ulio juu ya kilima huko Abruzzo, mashariki mwa Italia, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya Ufalme wa Napoli. Mama yake, Camilla Compelli, alikuwa amekwisha kupita umri wa kuzaa. Mapokeo yanasema alikaribia miaka 60, na majirani wakamlinganisha na Elizabeti, mama wa Yohane Mbatizaji. Kabla ya kujifungua aliota mtoto mwenye msalaba kifuani, nyuma yake kundi la watoto wengine wenye msalaba kama huo. Mama hakufurahi hata kidogo. Siku zile waliokuwa wakipelekwa kunyongwa waliwekewa alama ya msalaba kifuani, naye akaogopa kwamba amebeba mimba ya mkuu wa majambazi.

Giovanni alikuwa askari, tena mwenye cheo, wa ukoo ulioheshimika pale kwao. Katika karne ile Italia ilikuwa uwanja wa vita vya wafalme wa nje, Wahispania na Wafaransa, na mwanamume aliyejua kazi ya upanga aliweza kumtumikia huyu leo na yule kesho. Giovanni aliwatumikia wote wawili. Nyumbani alionekana kwa nadra. Mishahara ya askari ililetwa ikichelewa, mara nyingine yote kwa mkupuo, na kati ya vita na vita kulikuwa na miezi ya kungoja kambini bila kazi. Wakati wa kungoja huo ndio uliojaa karata na dadu. Giovanni alijifunza kucheza huko, na mchezo ukawa ndiyo njia yake ya kukaa na watu. Mali ya familia ilivuja polepole. Hatusomi kwamba aliuza kila kitu kwa siku moja, na pengine hilo ndilo lililomdanganya, kwa kuwa mtu anayefilisika kidogo kidogo huweza kuzeeka bila kuamini kwamba anafilisika.

Camilla alimlea mtoto karibu peke yake. Mtoto alikuwa na mwili mkubwa, mkaidi, asiyependa shule. Alijifunza kusoma na kuandika kwa shida, akatoroka mara nyingi. Mama alifariki Camillo akiwa na umri wa kama miaka 12. Akabaki na baba ambaye tayari alikuwa mtu mzima sana, asiyejua lolote juu ya kulea isipokuwa maisha ya kambi. Basi akampa alichokuwa nacho. Camillo alipofika miaka 17 au 18, mrefu kuliko karibu watu wote aliokutana nao, baba alimchukua waende pamoja kujiandikisha kwa jamhuri ya Venice iliyokuwa ikipambana na Waturuki. Njiani na kambini walicheza pamoja, baba na mwana, meza moja.

Hapa tunaomba msomaji asipite haraka. Hatudhani kwamba Giovanni alikuwa mtu mbaya. Mzee huyu alikuwa mjane, rafiki zake wa zamani walikuwa wamekufa au wametawanyika, nguvu zilikuwa zikimtoka. Karata zilimpa ukumbi wa watu, zikampa saa chache za kujiona bado ni kapteni, na zikampa kitu cha kushirikiana na kijana ambaye hakumjua vizuri. Ukimwondolea karata bila kumpa kingine, ungemwacha na nini? Swali hili ni la kichungaji, na wazee wa parokia zetu wanatuuliza bila kufungua kinywa. Hata hivyo, hatuwezi kuficha ubaya wa jambo lenyewe. Mkubwa anapocheza, mdogo anaona kwamba jambo hilo ni la watu wazima. Camillo hakufundishwa kamari na vijana wahuni wa mtaani. Aliyemfundisha ni mtu ambaye amri ya nne ya Mungu ilimtaka amheshimu.

Hawakufika vitani. Wote wawili waliugua njiani, na mzee akafia Sant'Elpidio a Mare, mji wa mashariki mwa Italia usio mbali na Loreto, katika nyumba ya rafiki yake wa zamani. Camillo hakuwa amezidi miaka 20. Urithi wake ulikuwa upanga na jambia. Baada ya utumishi wa miaka mingi kwa wafalme na majemadari, hicho ndicho mzee Giovanni alichomwachia mwanawe wa pekee, pamoja na mazoea ya karata. Katika siku hizo hizo kidonda kilimtoka Camillo mguuni, juu ya kifundo. Kilionekana kidogo. Kilikaa naye miaka 46, hadi kaburini.

Akiwa mjini Fermo, yatima na mgonjwa, aliwaona ndugu wawili Wafransisko wakipita kwa utulivu, akaguswa moyo, akaweka nadhiri ya kuwa mmoja wao. Alimwendea mjomba wake aliyekuwa mkuu wa konventi huko L'Aquila. Hakupokelewa, kidonda kilikuwa wazi na nia yake haikuwa imekomaa. Basi mwaka 1571 akaenda Roma, katika Hospitali ya San Giacomo, iliyowapokea wale walioitwa wasioponyeka, akatibiwa na kupewa kazi ya utumishi wodini ili alipie matibabu. Hakudumu. Alikuwa mgomvi, na karata hazikumtoka mikononi. Alikuwa akitoroka wodi kwenda kucheza na watu wa mashua wa mto Tiber. Uongozi ulichoka, ukamfukuza.

Akarudi vitani, mara kwa Venice, mara kwa Hispania. Mwaka 1574, akirejea baharini, dhoruba kali ilikipiga chombo chao, na Camillo akairudia ile nadhiri ya Fermo. Chombo kikaokoka. Alipokanyaga bandari ya Napoli akakaa mezani akacheza: fedha zikaenda, upanga ukaenda, koti likaenda, na mwisho shati. Urithi wa Giovanni uliishia hapo.

Tunajua msomaji anaweza kucheka, na hata sisi tuliposoma habari hii darasani kuna waliocheka. Lakini angalia mpangilio wake. Mara mbili aliahidi kwa machozi ya kweli, na mara mbili ahadi ikavunjika pale tu hatari ilipopita. Si kwamba alikuwa akimdanganya Mungu. Alikuwa mgonjwa asiyejua bado kwamba ni mgonjwa. Siku hizi madaktari wanasema hivyo waziwazi: Shirika la Afya Duniani linaitambua tabia ya kamari iliyokosa breki kuwa ni ugonjwa, nao wataalamu wa magonjwa ya akili wanaiweka pamoja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Kwa wazee kuna jambo moja zaidi ambalo kila mchungaji angefaa kulijua. Baadhi ya dawa wanazopewa wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka, huweza kumwamshia mtu hamu ya kucheza ambayo hakuwahi kuwa nayo maishani. Mzee wa miaka 70 aliyekuwa mwangalifu na fedha zake akianza ghafla kucheza, kabla ya kumhukumu tumuulize anatumia dawa gani, tumsindikize kwa daktari wake; na asiiache dawa kwa shauri lake mwenyewe.

Katekisimu ya Kanisa nayo ina busara kuliko baadhi ya mahubiri. Haisemi kwamba kila mchezo wa bahati ni dhambi. Inasema mchezo hukosa uhalali unapomnyima mtu kile kinachohitajika kwa maisha yake na ya wengine, na inaonya kwamba shauku ya kamari huweza kumgeuza mtu mtumwa. Giovanni aliupita mpaka huo zamani, na mtoto akaanzia ng'ambo yake.

Turudi kwa Camillo. Majira ya baridi yalimkuta Manfredonia, mji wa bandari kusini mashariki mwa Italia, akiombaomba mlangoni pa kanisa, mwanamume mwenye mwili wa kubeba magunia na umri wa miaka 24. Mtu mmoja alimwona, akamwambia kuna kazi: Wakapuchini walikuwa wakijenga. Camillo alisita, akaondoka kwanza na rafiki aliyetaka waendelee na njia, kisha akageuka akarudi. Akapewa punda, akawa anasomba mawe, maji na chokaa. Watoto wa mji walimcheka, askari aliyegeuka mchukuzi. Wakapuchini walimlisha, wakampa nguo. Wiki zikapita, na kila asubuhi kulikuwa na kazi inayomngoja na mtu wa kumwita jina.

Tarehe 1 Februari 1575 alitumwa kwenye konventi ya San Giovanni Rotondo kuchukua mahitaji. (Ndiyo, ni mji ule ule ambao karne tatu na zaidi baadaye ulimpokea Mtakatifu Padre Pio.) Mkuu wa konventi, Padre Angelo, alimchukua pembeni jioni akaongea naye juu ya Mungu na juu ya nafsi yake, kwa maneno machache, kama watu wawili wanaozungumza bustanini. Kesho yake, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, Camillo alikuwa njiani akirudi na punda wake katika bonde la mawe. Hapo katikati ya njia alishuka, akapiga magoti, akalia. Hiyo ndiyo tarehe aliyoiadhimisha maisha yake yote kuwa siku ya wongofu wake. Safari hii hapakuwa na dhoruba wala homa. Kulikuwa na miezi ya kazi ya mikono, mfuko usio na fedha za kuweka mezani, na watu waliokwisha kumjua alivyo na hawakumfukuza. Tunafikiri neema ilipita humo. Wala hatuoni kwamba kusema hivi kunaipunguzia neema kitu.

Alitaka kuwa Mkapuchini. Akaanza unovisi, kanzu ikakisugua kidonda, kikafunguka, akaondolewa. Akarudi San Giacomo, hospitali ile ile iliyomfukuza, akatibiwa, akajaribu tena kwa Wakapuchini, akaondolewa tena. Katika miaka hiyo alimpata muungamishi wake, Mtakatifu Filipo Neri, ambaye Roma nzima ilimjua kwa ucheshi na kwa ukali wake uliofichwa ndani ya ucheshi.

Mwaka 1579 likatokea jambo ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote katika habari hii. San Giacomo walimfanya Camillo kuwa msimamizi wa nyumba. Yaani mcheza kamari aliyefukuzwa kwa sababu ya karata alikabidhiwa stoo, manunuzi na watumishi wa hospitali hiyo hiyo. Tujiulize kama sisi tungethubutu. Katika parokia zetu, mtu aliyewahi kuchezea fedha huondolewa kwenye kamati, na mara nyingi tunafanya vema kumwondoa. Hekima ya kawaida inamtaka aliye na uraibu huu akae mbali na mkoba, mkewe au mwanawe ashike kadi ya benki. Waliomteua Camillo hawakuwa wajinga. Walikuwa wamemwangalia miaka minne. Walimwona akiosha vidonda vya watu wengine huku chake kikitoka maji. Imani waliyompa ilikuja ikichelewa, baada ya ushahidi, na pengine ndiyo sababu ilimjenga bila kumvunja.

Kutoka hapo mambo yalikwenda kasi. Akiona jinsi vibarua wa hospitali walivyowatelekeza wagonjwa, mwezi Agosti 1582 alipata wazo la kukusanya watu watakaowahudumia kwa upendo, bila ujira. Alikaa darasani na watoto kujifunza Kilatini, yeye akiwa amepita miaka 30, jitu refu kwenye benchi fupi. Waseminari wanaoona aibu kuitwa wazee na wenzao wa mwaka wa kwanza wamkumbuke. Alipewa daraja ya upadre siku ya Pentekoste mwaka 1584, kwa mikono ya Askofu Thomas Goldwell, mkimbizi kutoka Uingereza. Filipo Neri hakukubaliana naye alipoiacha San Giacomo ili aanze shirika, na kwa muda walitengana. Watakatifu nao hupishana. Papa Sisto V aliliidhinisha kundi lake mwaka 1586, akawaruhusu kuvaa msalaba mwekundu kifuani, ule ambao mama Camilla aliuogopa ndotoni. Papa Gregori XIV akalifanya shirika kamili mwaka 1591, na wanashirika wakaongeza nadhiri ya nne: kuwatumikia wagonjwa, hata wa tauni, hata kwa hatari ya kufa. Baadhi yao walikufa hivyo, mapema sana.

Wasomaji wetu wa Kenya huenda wamewaona wanashirika hao kwa macho, huko Tabaka na Karungu, wanakohudumia hospitali.

Je, mchezaji alikufa kabisa ndani yake? Tunasita kujibu ndiyo kwa haraka. Camillo alifungua nyumba na kupokea kazi za hospitali kwa kasi iliyowatia hofu wasaidizi wake, na shirika likaelemewa na madeni mazito. Yeye alisema Mungu atalipa. Wengine waliona ni imani, wengine wakaona ni uzembe. Na mtu aliyejua ujana wake angeweza kuuliza kama hapo si mkono ule ule unaosukuma tena kila kitu mezani. Sisi tunaona tofauti moja: safari hii hakucheza kwa kilicho cha maskini, alikopa kwa ajili yao. Lakini deni ni deni, na ndugu zake walikuwa na haki ya kulalamika. Mwaka 1607 alijiuzulu uongozi mkuu wa shirika, bila kulazimishwa, akabaki mwanashirika wa kawaida.

Hapo akaanza uzee wake, na ni uzee tunaopenda kuuweka kando ya ule wa Giovanni. Alikuwa na miaka 57. Kidonda hakijapona, alikuwa na ngiri, mawe ya figo, miguu yenye sugu zilizomuumiza kila hatua, na tumbo lililokataa chakula. Aliyaita magonjwa hayo huruma za Mungu kwake. Aliomba akae katika Hospitali ya Santo Spirito, karibu na Vatikani, na humo alizunguka usiku kutoka kitanda hadi kitanda, mara nyingine akijishikilia ukutani, akiuliza nani ana kiu. Mikono ilikuwa na kazi. Saa zile ambazo mzee asiyelala huwa peke yake na mawazo, yeye alikuwa na watu.

Mwanzoni mwa Julai 1614 alijua kwamba anaondoka. Aliwaandikia wanashirika wake barua, waliokuwepo na watakaokuja baadaye, akiwaachia baraka na kuwasihi wasiiache huduma ya wagonjwa. Alifariki tarehe 14 Julai katika nyumba ya shirika iliyo kwenye kanisa la Maria Magdalena, Roma, akiwa na miaka 64. Papa Benedikto XIV alimtangaza mtakatifu mwaka 1746. Papa Leo XIII akamfanya msimamizi wa wagonjwa na hospitali mwaka 1886, na Papa Pio XI akamfanya msimamizi wa wauguzi mwaka 1930. Waamini wanaopambana na kamari walikuwa wamekwisha kumwomba maombezi kwa njia yao wenyewe, wakiwemo wazee. Novena yake huanza tarehe 5 Julai, ili iishe siku moja kabla ya sikukuu.